Nyumba ya Juu Kando ya Mto

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kuingia na kukaa katika nyumba ya mtu bila idhini yake
Shahidi: Mwanamke, miaka 43. Jina kamili limo kwenye jalada. Kwa wateja wake na majirani anaitwa Mama Pazia
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Jijini, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma
Yamechukuliwa: Tarehe 22 Machi, saa tisa alasiri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, hakuna aliyenivuta. Ofisa ameniambia kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nami nimemwomba aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Mtuhumiwa ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, tumbo moja. Kwao wanamwita Malkia. Anafundisha watu kuendesha gari. Tangu niolewe katika familia ile sijawahi kuona akitaka kitu akakikosa. Nalisema hili mapema ili ofisa asije akalisikia kwa mtu mwingine akadhani nimelificha.

Mnamo tarehe 11 Januari, siku ya Jumamosi asubuhi, nilivuka daraja kwenda mtaa wa kale, huku ng'ambo, kumpelekea mteja foronya zake. Nilipomaliza nilipita njia ya mtoni kwa sababu napenda kuziangalia nyumba zile. Ni nyumba za mawe, kuta nene, nyingine zina kibao cha serikali kinachokataza mtu kuzibomoa. Kwenye mojawapo palikuwa na karatasi imebandikwa mlangoni: nyumba ya juu inapangishwa.

Mwanamume mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi. Ni mtu wa makamo, mwembamba, amevaa miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kidole gumba cha mkono wa kushoto hakina ukucha. Alisema yeye ni mpwa wa mwenye nyumba na ndiye anayeisimamia. Alitoa funguo mbili, akafungua mlango wa chini, tukapanda, akafungua na wa juu. Hakuvunja kitu. Ufunguo uliingia mara moja na kufuli ikaitika. Ndani nilitaka kufungua dirisha likanigomea. Alilinyanyua kidogo kwa bega, likafunguka. Alisema, "Bawaba hizi nimezitia mimi mwenyewe."

Ofisa ameniuliza nyumba ilikuwaje. Ilikuwa na vyumba viwili, jiko, na sebule yenye madirisha matatu yanayotazama mto. Sakafu ni ya vigae vyeusi na vyeupe, vimelika katikati pale watu walipozoea kupita. Palikuwa na kabati kubwa na vitu vichache vya mwenye nyumba. Dari iko juu sana. Mwanga wa maji ulikuwa ukitembea darini. Mimi nyumbani kwangu cherehani iko kati ya kitanda na kabati, na mchana nawasha taa ili nione tundu la sindano. Nilisimama penye dirisha la katikati nikajua cherehani itakaa wapi. Nilijua na kiti kitatazama upande gani.

Nilimwambia yule bwana anipe mpaka Jumatatu nizungumze na mume wangu. Alikubali.

Jumapili wifi alikuja kula kwetu, kama kawaida yake. Nilimweleza mume wangu habari ya nyumba mbele yake. Mume wangu alisema ni mbali na kazini kwake, na kwamba nyumba za zamani zina unyevu. Wifi ndiye aliyenitetea. Alisema, "Kaka, mke wako anapofuka humu ndani wewe unazungumzia unyevu." Kisha akaniambia, "Twende ukanionyeshe, wifi. Nikusaidie macho." Nilifurahi. Nilimshika mkono njia nzima kama tuliozaliwa pamoja.

Yule bwana alikuwepo, akatufungulia tena kwa funguo zilezile. Wifi aligongagonga kuta, akafungua bomba, akasimama penye dirisha la katikati. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopenda. Tuliporudi hakuzungumza sana, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Usiku ule mume wangu alilainika. Jumatatu asubuhi nilivaa nguo zangu nzuri nikavuka daraja. Nilimkuta wifi kwenye ngazi, anawaelekeza vijana wawili jinsi ya kupitisha godoro kwenye kona. Alikuwa ameshalipa kodi ya mwanzo. Aliponiona hakushtuka. Alisema, "Wifi, usininunie. Nyumba kama hii haingoji vikao. Ukisita kwenye mzunguko, gari la nyuma linapita."

Nilimwuliza kama hakukumbuka kwamba niliomba nisubiriwe mpaka leo. Alisema, "Nilikumbuka. Ndiyo maana niliwahi." Akacheka, na wale vijana wakacheka. Wifi akicheka hata aliyeibiwa hucheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya cherehani siku nzima bila kukanyaga pedali.

Wiki haikuisha akaja kuniomba nimshonee mapazia, maana hakuna fundi mwingine anayemwamini. Mume wangu alisema, "Mshonee, ni wifi yako huyo." Nilienda nikayapima madirisha yale matatu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimshonea vizuri. Ningeweza kumharibia, lakini watu wangeuliza fundi ni nani.

Toka hapo Jumapili zikahamia kwake. Tunakula pale, mume wangu anajinyoosha kwenye kiti penye dirisha, anasema, "Hapa mtu anapumua." Kwani kwangu miaka yote alikuwa akifanya nini? Wageni wakisifu mapazia, wifi anasema, "Kazi ya wifi yangu hiyo," huku amenishika bega, na mimi najiona kama pambo alilolinunua pamoja na nyumba. Naam, ofisa, nilikuwa na wivu. Bado ninao. Lakini mwenye wivu naye ana macho.

Mnamo tarehe 23 Februari, siku ya Jumapili, wifi alinituma nimnunulie kiberiti. Chini ya nyumba ile pana fundi saa, mzee mkimya. Aliniuliza kama yule dada wa juu ni ndugu yake Bibi. Nilimwuliza Bibi yupi. Alisema ni mwenye nyumba, ambaye yuko kwa binti yake nchi nyingine tangu mwaka jana, na kwamba Bibi hana mpwa anayemjua yeye na hajawahi kusikia kwamba anapangisha. Nilipanda ngazi mbio, kiberiti nimekisahau kaunta.

Niliwaeleza pale pale, chakula kikiwa mezani. Nilisema, "Wifi, yule mtu si mpwa wa mwenye nyumba. Umetapeliwa. Tumtafute leo."  Kisha wifi akaweka kijiko chini, akaniangalia kwa huruma. Afadhali angenitukana. Akasema, "Wifi, bado tu?"

Nilimwambia akamwulize fundi saa mwenyewe. Alisema fundi saa ni mzee, anachanganya habari, na yule bwana juzi tu amekuja kumtengenezea kitasa cha chooni bila hata kuombwa.  Mume wangu alisubiri tufike darajani. Alisema, "Mke wangu, kijicho kitakuua. Mwache dada yangu aishi."  Nilikuwa nasema kweli, na kila mtu alisikia wivu. Siwezi kusema walikosea, maana hata mimi nilipokuwa napanda zile ngazi, sehemu ya moyo wangu ilikuwa inapiga vigelegele.

Sikulizungumza tena.

Leo tarehe 22 Machi, saa tatu asubuhi, nilikuwa kwa wifi natundika pazia la chumbani. Yeye alikuwa sebuleni anakunywa chai. Tulisikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Aliingia bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, ameshika mkoba, na nyuma yake dereva wa teksi amebeba sanduku. Nasisitiza kwamba Bibi alifungua kwa ufunguo wake wa siku zote, na mlango ulifunguka. Kufuli haikuguswa.

Bibi alisema kwa sauti ndogo, "Wewe ni nani?"

Wifi akasema, "Na wewe ni nani, unaingia kwangu bila hodi?"

Bibi aliangalia ukuta ambao wifi ameupaka rangi, akaangalia mahali palipokuwa na kabati lake, ambalo yule bwana alisema analipeleka kutengenezwa. Akakaa juu ya sanduku. Dereva wa teksi ndiye aliyepiga simu polisi.

Wifi alijaribu kumpigia yule bwana mara nyingi. Simu haikupatikana. Karatasi ya kupangia aliyonayo ina jina ambalo Bibi hajapata kulisikia. Maofisa wawili walipofika, mmoja alisema maneno hayo wanayasikia kila siku: nilipangishwa na mtu, na mtu mwenyewe haonekani. Walipomwambia atangulie, wifi alinigeukia. Midomo ilikuwa imemkauka. Alisema, "Mwulizeni wifi yangu. Yeye ndiye aliyeiona nyumba hii kwanza. Mimi nilimpita."

Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akilisema hilo mbele ya watu. Nililingoja tangu Januari, na lilipokuja sikujua niliweke wapi. Ofisa alinitazama. Nilisema nitakuja kituoni alasiri. Sikusema zaidi, na wifi aliona kwamba sikusema zaidi.

Walipoondoka nilibaki na Bibi. Nilimpa maji, nikamfungulia dirisha maana alikuwa anahema. Aligusa pazia, akaugeuza upindo kuangalia mshono, akaniuliza nani ameshona. Nilimwambia ni mimi. Alisema, "Nimekuja kufungasha vitu vyangu, nahamia kwa binti yangu moja kwa moja. Hii nyumba nitaipangisha. Mtu kama wewe ndiye ningempa. Si huyo aliyevunja akaingia." Nilimwambia mimi ni wifi yake. Alisema, "Ndugu hachaguliwi. Polisi wakimaliza naye, wewe njoo tuzungumze."

Nilisimama penye dirisha la katikati. Boti ilikuwa inapita na mawimbi yake yalikuwa yanatembea darini. Ofisa, sikuambiwa nidanganye. Bibi hajui kama nilimwona yule mtu. Ilikuwa nikae kimya tu, niseme nilimkuta wifi akihama na habari nyingine sizijui. Hilo peke yake lingetosha.

Mume wangu alinikuta pale. Alikuwa amekuja na kandambili za nyumbani, shati halijafungwa. Siku niliyolazwa mimi na presha alimaliza kunywa chai kwanza. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Utasema kweli, lakini? Nakuomba. Utasema kweli?"

Katika yote yaliyotokea tangu Januari, hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Nilimwambia, "Mbona nilishasema, mkiwa mnakula."

Nikashuka, nikaja hapa.

Kwa hiyo nasema: mtu yule yupo. Nilimwona mara mbili, akiwa na funguo, akifungua mlango kama mtu anayeijua nyumba. Wifi yangu hakuvunja wala hakuiba. Alilipa akaamini, kama ambavyo mimi ningelipa nikaamini kama nisingesema ningojewe. Nikimwona yule mtu nitamtambua hata akivua miwani.

Ofisa ameniuliza kama ninayasema haya kwa mapenzi ya ndugu. Nimemjibu hapana. Leo asubuhi alipokuwa anatolewa, nilikuwa nimeshaanza kuhamisha meza yake kwa macho. Nayasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na wivu wangu haufungui wala haufungi mlango wa mtu.

Haya ndiyo maelezo yangu, ya niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimesomewa kwa sauti, nimesahihisha pale palipoandikwa nimelia, maana sikulia. Ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA OFISA

Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, bila kumshurutisha.

Baada ya kuyapokea, nilimwita mlalamikaji, mwenye nyumba, nikamsomea wajihi wa mtu aliyetajwa na maneno yake kuhusu bawaba za madirisha. Mlalamikaji amemtambua mara moja kuwa ni seremala aliyemwachia funguo atengeneze madirisha kabla hajasafiri. Askari wametumwa karakanani kwake.

Mlalamikaji ameomba kuondoa lalamiko lake dhidi ya mtuhumiwa. Amesema huyu naye kaibiwa, na kwamba kwa kuwa ameshaitunza nyumba, aendelee kukaa, wataandikishana upya. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na moja jioni.

Nilimwarifu shahidi, ambaye alikuwa bado kwenye benchi ingawa nilishamruhusu aende zake. Aliuliza, "Anaendelea kukaa?" Nikamjibu ndiyo. Akaniuliza kama kituo kina mlango mwingine wa kutokea. Nilimwambia hakuna. Mtuhumiwa alikuwa amesimama penye huo uliopo, anamsubiri. Wameondoka pamoja, mtuhumiwa amembebea shahidi mkoba wake wa kazi.