Goti la Farahani

Chilumba, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na wewe siwezi kukuuliza hali. Basi nikupe yangu. Mimi mzima. Baba yangu mzima, ila miguu inamsumbua zaidi. Duka letu hapa Masasi tumelijenga tena palepale lilipochomwa, na watu wanaoshuka na utomvu wa mpira wa mwituni kutoka kwenu Newala wameanza tena kukaa barazani kungoja zamu ya kupimiwa. Na wakishakaa, unajua wanazungumza nini.

Bado wanabishana. Nani alikuwa bingwa wa ngumi kuliko wote waliopata kuonekana nchi hii. Mzee Ausi wa Nanganga hajabadilika, anamtaja yuleyule Mmakua wake aliyempiga ng'ombe dume ngumi ya paji la uso akamwangusha. Vijana wanamtaja Farahani. Wewe hutajwi. Mwezi uliopita mmoja alikutaja, mwenzake akamwambia kwamba ulipigwa na Farahani, na kama hasadiki amuulize Hassani, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Wakanigeukia. Nikajifanya naitazama mizani, na mizani haikuwa na kitu.

Unaikumbuka siku tuliyopimana? Baba alikuwa amesafiri kwenda Lindi. Tulimfunga mtu mmoja mmoja kwenye kamba za mizigo, kama furushi la mpira. Farahani alipita frasila sita. Wewe hukufika tatu na nusu, watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Mimi siku zote nilikuwa nikisema ubingwa ni uzito, na kwamba mdogo akimpiga mdogo mwenzake hajafanya kitu. Wewe ulikuwa unaning'inia pale, miguu haigusi chini, ukaniambia, "Hassani, tuseme wote wana uzito mmoja, waliokufa na walio hai. Nani atabaki amesimama?" Nikakujibu kwamba Mungu hakuwaumba hivyo. Ukasema basi tungoje ngumi za mavuno.

Mtama ulipovunwa, Farahani akapanda Newala pamoja na akida wa serikali, maana alikuwa mlinzi wake. Kila upande ulinikubali niwe mwamuzi. Walisema mshika mizani haegemei kokote. Mkafungwa vitambaa vya kaniki mikononi, sharti likatajwa mara tatu wote wasikie: atakayegusa ardhi kwa goti au kwa mkono, ameshindwa.

Sijaona tena ngumi kama zile. Farahani alikuwa anapiga mahali ulipokuwa, nawe umekwisha ondoka. Watu walisema una dawa. Mimi nilijua ni miguu ile iliyompandishia mama yako maji kutoka bondeni tangu hujaota ndevu. Ukamzungusha hadi akahema, ukaingia chini ya mkono wake, ukampiga mara mbili ubavuni. Akainama. Goti lake la kulia likaingia kwenye mchanga.

Niliona, Chilumba. Nilikuwa hatua mbili tu. Niliona na mchanga uliobaki kwenye ngozi.

Ukashusha mikono, ukanitazama ukicheka. Na mimi kabla sijakutazama wewe nilimtazama akida kwenye kiti chake. Ruhusa ya Baba ya kununua mpira ilitoka mikononi mwake. Hakuniambia neno. Hakunikunjia hata uso. Ningeweza kusema leo kwamba alinitisha, lakini nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo. Nilijitisha mwenyewe. Nikasema, "Sikuona goti. Endeleeni."

Mikono yako ilikuwa bado chini. Ngumi ya Farahani ikakupata sikio la kushoto, ukaanguka chali. Walipokuinua ulikuwa unatoka damu sikioni. Uliniuliza jambo moja tu, "Uliona?" Nikakujibu, "Sikuona." Halafu nikauinua mkono wa Farahani.

Mwaka haukwisha, vita vya maji vikatufikia. Watu walishuka kutoka upande wa Liwale wakisema risasi zitageuka maji, Masasi ikahamwa, kila mtu akakimbilia alikokujua. Baba hakuweza kutembea mbio. Mimi nchi ile ya juu sikumjua mtu ila wewe, na nilikuwa naona haya kuja. Tulifika chini ya mteremko wa Newala, Baba amekaa kwenye jiwe, hawezi tena. Ukatokea na vibuyu vyako vya maji. Ukaviweka chini, ukamwamkia, ukambeba mgongoni mpaka juu, kisha ukarudi kufuata maji.

Tulikaa kwenu miezi mitatu. Mama yako alitugawia mihogo kama watoto wake. Nawe kila nilipotaka kusema nawe ulinikalisha upande wako wa kulia. Hukuniambia kwa nini, nami sikuuliza, kwa sababu nilijua.

Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Asubuhi ile tulipokuwa tunabangua njugu mawe nyuma ya nyumba, wewe mwenyewe ndiye uliyeanza. Ukasema umefikiri sana juu ya ule ubishi wetu, na unaona mimi nilisema kweli, labda uzito ndio ubingwa. Ukasema, "Mimi nilidhani goti liligusa. Lakini nilikuwa na jasho machoni. Wewe uliona vizuri kuliko mimi."

Ulisema bila kinyongo. Ulikuwa umenisadiki kuliko macho yako. Ningesema wakati ule neno moja tu. Nilichukua njugu nyingine, nikaendelea kubangua.

Siku nne baadaye askari walikuwa bondeni wakiwatafuta waliokunywa maji ya vita. Wewe hukuyanywa. Ulishuka kama kawaida yako na vibuyu viwili, kimoja cha kwenu, kimoja chetu sisi wageni. Wanawake waliokuwa kisimani walisema askari mmoja alikuamuru usimame, akakuita mara ya pili, alikuwa upande wako wa kushoto. Hukugeuka. Ukaendelea kutembea. Akapiga bunduki.

Mama yako alirudi kutoka kaburini akakaa chini, akaniambia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu, "Hakusikia. Sikio lile lilikufa tangu siku ya ngumi." Nikamshika mkono. Nikamliwaza, Chilumba. Mimi.

Juzi Farahani alikuja barazani. Utumishi wa akida ameuacha, na njaa iliyofuata vita imemkausha, nadhani siku hizi hafiki frasila nne. Vijana wakampisha mkeka, wakamwita bingwa. Akakataa kukaa. Akawaambia, "Bingwa alikuwa Chilumba. Goti langu liligusa, mchanga nilipangusa mwenyewe. Nilikuwa nangoja mwamuzi aseme ili nimpe mkono."

Alikuwa anangoja kukupa mkono. Mtu ambaye nilikuibia ushindi kwa ajili yake hakuwa ameuomba.

Nikasema, "Niliona." Nikasema tena, wote wasikie. Baba alikuwa ndani, nikasikia anaacha kuvuta tasbihi. Mzee Ausi akachukua fimbo yake akaenda zake bila kuaga. Jana mwanamke mmoja wa Chidya alileta nta, akasimama karibu nami akaitazama mizani mwenyewe mpaka ilipotulia. Sikumkasirikia. Baba hajanisemesha tangu juzi ila kwa mambo ya duka, na alfajiri ya leo nimemkuta ameniwekea chumvi na kitambaa vya kupeleka kwenu. Hakusema ni vya nani. Nimeelewa.

Hukujua kusoma, ndugu yangu, na mama yako hajui. Labda ndiyo maana kalamu imekwenda upesi hivi, naandika mahali ambapo hakuna wa kunijibu. Najua barua hii hainitoi katika deni la kusema kwa mdomo. Kwa hiyo nakuahidi: napanda Newala leo, na kesho jioni nitakuwa uani kwenu. Mavuno yamekaribia, watu watakusanyika tena kwa ngumi, nitasimama mbele yao niseme. Lakini mama yako atasikia kwanza, peke yake, yote, hata ile asubuhi ya njugu. Sitamwomba msamaha kabla hajamaliza kusikia.

Lala salama, Chilumba. Nikifika nitamwamkia mama yako shikamoo na kungoja aitikie. Nitaisikiliza vizuri marahaba yake, maana nikishasema, sijui kama ataniitikia tena.

Mimi, Hassani