Ruhusa ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 6 Septemba 1971
Afisini tena kuomba ruhusa ya kusafiri, mara ya nne. Benchini tangu saa mbili asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Karani keshanizoea, hata hanitazami. "Rudi wiki ijayo, mwalimu." Nimechoka kurudi.

Jumatano, 15 Septemba
Mke wangu Saada kaanguka tena, safari hii jikoni. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, kisha mwili mzima. Daktari mgeni kanichorea tena kwenye karatasi: mishipa ya damu ndani ya kichwa chake imesokotana fundo, kazaliwa nayo. Ikipasuka, basi. Hapa kisiwani hawana la kufanya. Ulaya wapo wanaopitisha vishanga vidogo kwenye mshipa wa shingoni, damu yenyewe ikavibeba hadi kwenye fundo, vikaziba. Fuvu halifunguliwi. Keshaandikiana nao, watampokea bure. Imebaki ruhusa ya kusafiri. Ruhusa tu.

Alhamisi, 30 Septemba
Wamejibu. Ruhusa ni ya Saada peke yake. Nikamuuliza mkubwa wao, nani atamshika akianguka njiani?
"Na wewe ukenda naye, nani atarudi?"
Wanawe nimewasomesha hesabu. Nilitamani kumpiga. Nikasema ahsante, nikatoka. Najichukia kwa ile ahsante.

Ijumaa, 1 Oktoba
Nimemwambia Saada asende, tungoje, pengine watalegea. Kakasirika.
"Unangoja nini? Nnayeanguka ni mimi."
Kweli. Nimeona haya.

Jumamosi, 9 Oktoba
Kaondoka. Muuguzi mmoja aendaye Dar es Salaam kakubali kumfikisha kwenye ndege ya Ulaya. Baada ya hapo, yeye na Mungu wake. Hakugeuka nyuma. Nina hasira na kila mtu, hata na yeye.

Jumanne, 26 Oktoba
Hakuna barua. Nimempiga mwanafunzi kwa kosa dogo. Sijapata kufanya hivyo.

Ijumaa, 12 Novemba
Barua. Mwandiko umepinda, kaandika kwa mkono wa kushoto. Walimtia ganzi shingoni tu, alikuwa macho akiwasikia wakizungumza. Vishanga vimeziba mishipa mingi, si yote. Mkono wa kulia umelegea, hawajui kama utarudi. Huenda ataanguka tena, lakini kwa nadra. Yu hai.
Nimemsomea mama yake mara mbili. Alikuwa anachambua mchele.
"Hawakumnyoa nywele?"
"Hawakumnyoa, mama."
Akasogeza ungo katikati yetu. Tukachambua.