Kifurushi Ulichonikataza

Skydra, 3 Oktoba 2024

Kumbara yangu Myrsini,

Hujambo, na hiyo Athene yako haijambo? Sisi huku wazima, ila Areti ana mafua na amenipaka makamasi mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe Parthena anakusalimu. Goti linamsumbua lakini ulimi haujapata ugonjwa. Stathis wangu naye yupo na foklifti yake. Kiwandani pichi zimekwisha, sisi wanawake wa kwenye mkanda wa kuchagulia matunda tumerudishwa nyumbani mpaka mwakani, wamebaki wao wa kupanga makopo ghalani.

Nakuandikia kwa barua pepe kwa sababu nikipiga simu mtoto anaamka, na akiamka mimi ndio basi tena.

Neno lenyewe ni hili. Tumeng'oa dishi. Zile tamthilia nzuri ambazo zamani zilikuwa za wenye dishi la kulipia, sasa zote zimehamia mtandaoni, kila moja na kwake, kama mabinti walioolewa vijiji mbalimbali. Uwezo wetu ni kifurushi kimoja. Kipo kile chekundu, kipo cha buluu, na kipo hiki kipya cha kampuni ya simu. Mama Parthena anataka tamthilia za Waturuki. Anasema hawapendi, anataka tu kujua kama yule bwana alimrudia mkewe. Stathis anataka mpira. Mtoto anataka katuni. Mimi nataka kitu cha kunichekesha nikikunja nguo. Wewe ndiye unayekula mkate wa televisheni, tuchagulie.

Halafu hiyo tamthilia yako itatoka wapi? Mama keshatangaza kanisani kwamba kumbara wetu, aliyemsimamia mjukuu wake ubatizo, ni mwandishi.

Kumbara yako,
Evanthia

*

Athene, 6 Oktoba 2024

Evanthia wangu, kumbara,

Mimi mzima, nyie mkiwa wazima. Mbusu binti yangu wa ubatizo kwenye hayo hayo makamasi.

Haya, sikiliza mtaalamu. Kile cha buluu kina mpira, lakini tamthilia zake zote watu wanauawa sehemu ya kwanza, na wewe una usingizi mwepesi. Chekundu ndicho cha kwenu: katuni tele, Waturuki wa kumtosha Mama Parthena mpaka Kiyama, na watu wawili wanaweza kutazama vitu viwili kwa wakati mmoja, maana yake amani ndani ya nyumba. Stathis mpira atautazama mkahawani kama marehemu baba yake.

Hicho cha kampuni ya simu usikiguse kabisa. Picha inakwama. Katuni hakina. Ukitaka kukiacha wanakuzungusha kwenye simu mpaka unasahau ulichopigia. Nawajua, nafanya nao kazi.

Tamthilia yangu? Upuuzi wa kuchekesha, bado wanaikatakata. Usihangaike nayo.

Chukua chekundu.

Kumbara yako,
Myrsini

*

Skydra, 19 Novemba 2024

Kumbara yangu,

Salamu nyingi, na afya juu yake. Mafua yalimwacha Areti yakanihamia mimi. Tulichukua chekundu na umepatia. Yule Mturuki amerudi kwa mkewe, na Mama Parthena sasa anamtukana kwa kurudi.

Lakini wewe ni mtu wa ajabu. Jana kwa msusi nimeambiwa tamthilia yako imeanza, inaitwa Pichi za Kopo, na watu wanaanguka kwa kucheka. Iko kwenye kile kile cha kampuni ya simu. Nikaona aibu. Wote wameona jina lako pale mwanzoni isipokuwa mimi, kumbara yako. Msusi ananiambia, "We si ndiye uliyemlisha huyu kuku wote wale? Hata hakukualika?" Nikamjibu una kazi nyingi.

Binamu yangu Kyriaki anacho hicho kifurushi. Jumamosi nakwenda kwake na Mama, tutakanda na pai ya jibini. Mbona hukusema? Au ulidhani tutakudai utupe bure?

Kumbara yako,
Evanthia

*

Athene, 19 Novemba 2024

Kumbara, nakuandikia upesi upesi, niko kazini.

Usiende kwa Kyriaki. Si tamthilia ya kutazama na mama mkwe, ina matusi. Nitakuja Krismasi tuitazame pamoja, nikueleze jinsi tulivyoitengeneza. Nisubiri mimi. Tafadhali.

Nakubusu,
M.

*

Skydra, 9 Desemba 2024

Myrsini,

Nadhani u mzima. Sisi hatuumwi.

Tulikwenda kwa Kyriaki. Sikuona matusi. Niliona mwendesha foklifti wa kiwanda cha pichi, mkewe ana mimba, na yeye anaogopa kubeba mtoto. Anajificha stoo. Anauvika mfuko wa unga kofia ya kichanga, anatembea nao huku na huku akiuimbia. Mkewe anamchungulia mlangoni.

Kyriaki alicheka mpaka akashika mbavu. Na Mama Parthena alicheka, Myrsini. Halafu akaacha. Akasema, "Huyu mbona anaimba wimbo wangu?"

Maana huo wimbo wa Kiponti, lugha ya wazee wake, ni wake, hakuna mwingine Skydra anayeuimba hivyo, na wewe uliujulia jikoni kwangu.

Nilikuambia habari ya Stathis na unga siku tuliyokuwa tunachambua maharage, wewe ukiwa na mafuta ya ubatizo mikononi bado, ndivyo ninavyokumbuka. Nilikuambia nikicheka na nikilia. Stathis alikuwa amenishika mkono pale stoo akaniomba nisimwambie mtu, nami nikahesabu wewe si mtu, wewe ni kumbara. Unajua kwa nini aliogopa. Unajua mtoto wa kwanza alifia mikononi mwake. Wewe umechukua unga ukaacha kaburi.

Jumatatu wenzake walimwekea mfuko wa unga kwenye kiti cha foklifti. Wameuvika kofia, ya waridi. "Stathis, mwanao analia, amejinyea." Unajua alifanya nini? Aliubeba kwa mikono miwili akaushusha mezani polepole, kiganja chini ya kichwa. Mazoea. Hapo ndipo walipocheka kwelikweli. Haya sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mke wa mlinzi, naye alikuwa bado anacheka.

Sasa mtaani Areti akimnyooshea mikono abebwe, Stathis ananiita mimi nimbebe.

Hakunifokea. Ameniuliza neno moja tu: "Ulimwambia mpaka wapi?"

Nami nakuuliza wewe. Tamthilia haijaisha. Mtoto yumo?

Evanthia

*

Athene, 12 Desemba 2024

Kumbara yangu, dada yangu,

Sijui nianze wapi. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na sijakaa mpaka sasa.

Sikumcheka Stathis. Nilipokaa kuandika nilitaka mwanamume mmoja mwema kwenye tamthilia, na mwema ninayemjua ni huyo. Nilidhani watu watampenda. Wanampenda, ungeona wanavyoandika. Nilikuambia usichukue kile kifurushi kwa sababu nilitaka kukukinga.

Ndiyo, mtoto yumo. Sehemu ya mwisho, mwisho wa Januari. Baba anamwinua hewani hospitalini. Hapo hakuna atakayecheka, naapa. Wapiga picha wenyewe walilia.

Kumbara yako,
Myrsini

*

Skydra, 15 Desemba 2024

Myrsini,

Salamu.

Kunikinga kwa nini? Mvua uliileta wewe, halafu unanificha mwavuli ulipo.

Sasa nisikilize, maana nina muda mfupi, mtoto amelala na uji uko jikoni. Sikuombi uniombe radhi. Sikuombi mfuko wa unga urudi, umeshamwagika, tutaufagia. Nakuomba kitu kimoja. Mtoto umtoe.

Unajua ilivyokuwa. Padri asingewahi. Muuguzi akamwambia Stathis, mwinue hewani mara tatu, umbatize wewe, umpe jina. Kwa desturi angempa la baba yake, Ilias. Hakumpa. Alimwita Anestis, kwa sababu jina la baba hakutaka lizikwe, alitaka limsubiri mtoto atakayeishi. Halafu Mama, amelala na mguu uliovunjika, akamwuliza, "Alipata jina? Alipata la baba yako?" Stathis akatikisa kichwa kukubali. Angefanyaje? Msalaba wa kaburi lake kule Thesalonike una jina la ukoo tu. Tangu hapo kila Jumamosi ya Wafu Mama huchemsha ngano, huipamba kwa sukari na lozi, humwandikia padri kikaratasi cha majina ya kuombewa: Ilias mkubwa, Ilias mdogo. Na Stathis ndiye humbebea sinia.

Jina lile tunalijua watu watatu. Watu wawili na wewe.

Ukimwachia Mama alisikie kwenye televisheni, umemvunjia Stathis nyumba aliyozaliwa. Mtoe, Myrsini. Andika chochote pale. Kuandika ndiyo kazi yako.

Evanthia

*

Athene, 21 Januari 2025

Kumbara,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa napigana. Nimemwomba mwongozaji, nimeomba mpaka kwa mwenye kampuni. Sehemu imeshakamilika, hawataikata. Wanasema ndiyo inayobeba zote.

Lakini jina nimelibadilisha. Tulia juu ya hilo. Nimekaa mwenyewe na msanii tukalirekodi upya. Naapa kwa maji ya ubatizo niliyomtoa Areti. Mama Parthena akitazama, atasikia jina la mtu mwingine, mtoto wa mtu mwingine.

Krismasi sikuja, niliona haya. Nilimnunulia Areti koti, nalituma kwa basi.

Kumbara yako daima,
Myrsini

*

Skydra, 24 Februari 2025

Myrsini,

Areti hajambo. Koti linamfaa, mikono mirefu kidogo, nimeikunja.

Mama alikwenda mwenyewe na fimbo yake dukani kwa kampuni ya simu akakichukua kifurushi kile. Alisema, "Mwanangu amechekwa mji mzima, mimi nataka kujua wanammalizaje." Sikumzuia. Nilimwambia Stathis, usiogope, jina amelibadilisha, ameapa kwa Areti. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu. Kwa hiyo akaja akakaa nasi, akampakata mtoto.

Picha haikukwama hata mara moja.

Msanii wako akamwinua mtoto. Akasema, anabatizwa mtumishi wa Mungu Anestis. Mara tatu alimwinua, mara tatu akalisema.

Mama hakugeuka. Aliuliza akiitazama televisheni. "Anestis?"

"Ndiyo, Mama," Stathis akajibu.

"Si Ilias?"

"La baba nilimtunzia atakayeishi."

Akaendelea kutazama mpaka majina yenu yote ya mwishoni yakapita. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii baba yako nimempelekea ngano mara mbili, na mtoto hajapata punje." Akaingia chumbani kwake.

Hajasema na Stathis mpaka leo. Chakula anampakulia, haongei. Juzi Jumamosi ya Wafu alichemsha ngano, sinia akambebesha Kyriaki. Padri alisoma Ilias, akasoma Anestis. Nililisikia jina la mwanangu kanisani kwa mara ya kwanza, na sikuweza kufurahi, maana kila mtu aligeuka kuniangalia akijua alikolisikia kabla. Mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Kumbe ni kweli." Stathis alisimama nje karibu na geti mpaka tulipotoka.

Nami Stathis hanisemi, lakini ananiambia mambo nusu. Zamani alikuwa akirudi ananisimulia siku yake yote, nani kaangusha makopo, nani kagombana. Sasa anaanza, halafu ananitazama, anasema basi tu. Hilo ndilo ulilochukua. Na nusu yake nilikupa mimi.

Nimefikiri sana kwa nini hukulibadilisha. Sitaki unieleze. Nadhani ulijaribu majina mengine na hakuna lililokaa vizuri mdomoni. Lilikuwa zuri, ukalitaka.

Msusi anasema ukumbara kama huu unakatwa. Haukatwi, nimemwuliza padri. Ulimtoa mtoto majini, hakuna wa kumrudisha. Basi Pasaka ni Aprili. Areti ana haki ya mshumaa wake wa Pasaka na viatu vyake kutoka kwako, na haki hiyo si yangu kuifuta. Utakuja Jumamosi Kuu. Utampa mlangoni pa kanisa, utambeba, utakaa naye mpaka taa zizimwe. Sitamnong'oneza lolote juu yako. Anakupenda, na akupende. Nyumbani kwangu hutaingia, wala jikoni kwangu hutaketi tena.

Akikuuliza mbona huji kula nasi, usimtungie hadithi. Mwambie.

Mama Anestis