Raketi Iliyolia Kama Chungu

Mke mwenzangu Afra,

Nimekwenda Makorora kumwona mgonjwa. Wali umo kwenye hotipoti. Mafuta ya karafuu yapo dirishani, chua kiwiko kabla hujala.

Asubuhi niligonga raketi yako ya padeli, hiyo isiyo na nyuzi, kama ninavyogonga chungu sokoni, nayo ikalia kama chungu chenye ufa. Nikabandua selotepu uliyoizungushia. Kumbe imepasuka ukingoni, na kila pigo linakushtua kiwiko. Na wewe unaniambia kiwiko kinauma kwa kufua, wakati nguo nafua mimi.

~~Nimeitupa jalalani.~~ Nimeifungia kabatini mwangu na ufunguo ninao.

Najua huiachi kwa kuwa nilikupa mimi. Ahsante. Lakini nilikupa ucheze, sikukupa uumie. Nikirudi tutakwenda kuchagua nyingine, na hiyo nitaigonga mwenyewe kabla hujaishika.

Bibi yako