Punje Zilirudi Guniani

Mwalimu Adhiambo,

Jana nilikuota tena. Ulikuwa ukitembea mbele yangu mtaani Manyatta, ungo kichwani, na wale wadudu wa ziwani wamefunika anga kama moshi. Nilikuita, hukugeuka. Una haraka zako zilezile.

Tangu tukuzike mvua haijakatika. Kidholuo changu bado kibovu, na wanawake wa sokoni Kondele wananicheka bila wewe kuniokoa.

Unaikumbuka sensa yetu? Mimi karani kutoka Maragoli, wewe mkalimani wangu. Akina mama walikataa kutaja idadi ya watoto, wakiogopa kwamba mtoto akihesabiwa anaitiwa balaa. Ndipo ukaleta ungo. Mama aweke punje ya mahindi kwa kila anayelala kwake, akitaja ni nani. Nikishaandika, unazirudisha punje guniani mwake na kuzikoroga kwa mkono. Njiani unaniambia, "Nyathina, hii maneno umesikia, wachia hapa hapa." Mwanangu, uliniita, na tumepishana miaka michache tu.

Sasa sikia. Baba Ouma, mume wa mmoja wa wale akina mama wa ungo, amefariki, na ndugu zake wanataka kumtoa Ouma kwenye shamba, eti si damu yao. Ofisini walimwambia mkubwa wa hao ndugu kwamba karatasi za sensa hafunguliwi mtu yeyote. Basi akaja kwangu, akakalia kiti chako. "Madam, huyo mama alisema kijana ni wa nani? Mwalimu ameenda, umebaki wewe."

Niliogopa. Yeye ni mtu mzito, na mimi hapa ni mgeni. Nikamwambia punje zilirudi guniani. Alidhani namfanyia mzaha. Akamaliza chai yake, akaondoka bila kuaga.

Alichosema Mama Ouma, mkono ukiwa juu ya ungo, sikiandiki hata hapa. Alipoondoka yule bwana nilikulilia kwa hasira, kwa kuniachia mzigo huu peke yangu. Usinichukie.

Leo asubuhi Ouma ameniletea mahindi mabichi kutoka shamba lilelile. Hakuuliza kitu. Tumeyachoma, tukala, ziwa likitoka polepole ndani ya ukungu.

Lala salama, dada yangu. Nitakaa na maneno ya Mama Ouma mpaka nikufuate. Na nikifika huko usiniulize, nami sitakuuliza.

Karani wako,
Kageha