Kikohozi cha Msumeno wa Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Naomba radhi kwa kimya changu. Barua yako niliipokea, nikaisoma, nikaiweka juu ya kabati, na kila nilipoipita niliona haya. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na shughuli nyingi. Nilikuwa na jambo moja ambalo sikujua nilianzie wapi, na wewe wanijua, sipendi kuanza sentensi nisiyojua itaishia wapi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na wifi yangu na watoto, na kwamba mgongo wako umekuachia ulale. Mimi ni mzima wa mwili. Magoti yanalalamika asubuhi, lakini hayo ni ya umri na sina haki ya kuyashangaa.

Kama ujuavyo, nimehamia hapa kwa wazazi tangu tulipokubaliana kwamba nyumba na kiwanja apewe Mziwanda wetu, kwa kuwa ndiye aliyebaki na mama hadi mwisho. Wewe umekwisha kutoa idhini yako. Iliyobaki ni yangu, nami napaswa kuitoa mbele ya wazee wa ukoo watakapokuja. Mziwanda alinipokea vizuri. Kila asubuhi ananiletea chai chumbani, ananiita dada mkubwa kwa sauti ile ile ya utotoni, na hufuta kiti kwa kiganja kabla sijaketi. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba angalau mmoja wetu alilelewa akaleleka.

Mambo yalianza na tawi. Mti ulio nyuma ya jiko umevunjika tawi kubwa, nalo linaning'inia juu ya paa likingoja upepo. Nikamwambia Mziwanda tuutoe stoo ule msumeno wa mota wa baba. Akacheka, akasema msumeno ule ulikufa na mwenyewe, haujawashwa tangu tulipomzika baba, na kwamba alikwisha kuongea na mnunuzi wa vyuma chakavu aje auchukue. Nikamjibu kwamba kitu cha baba hakiendi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla sijakitazama mwenyewe. Akasema mimi na vitu vikuukuu tutazikwa kaburi moja. Nilicheka pia, na leo kicheko kile kinanikera.

Niliuvuta kutoka chini ya magunia, nikaona kinyaa. Unakumbuka jinsi baba alivyoutunza: akimaliza kazi aliusugua kwa brashi ya viatu, akaufunika kwa shuka kama mtoto, ingawa kikohozi chake hakikuwahi kupona. Sasa ulikuwa umeganda mafuta na vumbi, mende wakikimbia kutoka kwenye mshikio. Niliuweka kwenye toroli, nikaupeleka mwenyewe kwa fundi.

Fundi huyu wanamwita Profesa, kwa sababu hawezi kufungua parafujo moja bila kutoa mhadhara. Karakana yake iko nyuma ya kituo cha petroli, na sakafu yake inanata viatu. Aliitemea mate plagi, akaifuta kwa tumbo la shati lake, kisha kwa mkono ule ule akamega mkate uliokuwa juu ya betri. Alinikaribisha niketi, akanigeuzia ndoo. Nikasimama. Akasema, huku akitafuna, kwamba mashine yangu imekula chumvi nyingi, lakini haijafa, imezimia tu.

Kila alichofungua kilikuwa aibu. Chujio la hewa halikuwapo. Mahali pake mtu alikuwa amesokomeza sponji la kuoshea vyombo, limeoza na kujaa mavi ya panya. Kifuniko cha tangi kilifungwa kwa mfuko wa nailoni. Mnyororo ulikuwa umenolewa upande mmoja: meno ya kulia makali, ya kushoto kama ufizi wa kikongwe. Profesa alisema marehemu hakuwa na huruma na mashine. Nilimkatalia papo hapo, na sauti yangu ikanisikitisha mimi mwenyewe. Nikamwambia baba hakuwa mtu wa namna hiyo. Akasema, "Basi Mwalimu, huyu aliyemrithi ndiye mchafu."

Kisha akafungua kifuniko cha pembeni, pale mnyororo unapozungukia. Uchafu ulikuwa umejaa humo, mweusi na mzito kama lami. Akauchokoa kwa bisibisi, akaumwaga juu ya gazeti miguuni pangu. Ganda la juu lilikuwa jeusi. Ndani, unga wa mbao ulikuwa mwekundu, nao ukanuka. Mdogo wangu, ulinuka kama sanduku la nguo la mama.

Huhitaji kuambiwa ule ulikuwa unga wa mti gani. Mama aliweka vijiti vya mwerezi katikati ya nguo zake maisha yake yote, na vijiti hivyo aliviokota chini ya mierezi yetu ya hapa kiwanjani, kwa kuwa baba hakuruhusu hata tawi kavu liguswe kwa chuma. Mierezi ile ilisimama siku tuliyomzika baba. Ilikuja kuanguka baadaye, mama akiwa kitandani, siku ambayo Mziwanda alisema alikuwa mjini akifuata dawa. Alisema alirudi akakuta visiki. Alisema pia aliona alama za magurudumu kuelekea kwa jirani yetu seremala. Sisi tukaamini, kwa maana seremala ana msumeno wa mota, na aliwahi kumwomba baba amuuzie mti mmoja akakataliwa. Tuliacha kumsalimu. Mama alipofariki tukamtumia ujumbe asikanyage mazishini, yeye ambaye alikuwa rafiki wa baba kabla sisi hatujazaliwa.

Nilijitahidi kumtetea Mziwanda. Nilisimama pale kwenye ule uchafu nikijiambia labda alikata masalia tu, kuni za jikoni, akaona haya kusema. Nikamwambia Profesa aendelee na kazi yake.

Akaendelea. Alisafisha kabureta, akaweka chujio, akanoa mnyororo kwa tupa, pande zote mbili. Kabla ya kubadilisha bomba la petroli, ambalo lilikuwa limekakamaa na kupasuka, alitaka kunionyesha ubaya wake, kwa hiyo akavuta kamba. Msumeno ukawaka. Ukakohoa, ukapanda juu kama unaotaka kupiga kelele, ukakatika katikati, ukakohoa tena. Profesa alikuwa akieleza kwamba bomba linavuta hewa na mashine inakunywa upepo badala ya petroli. Sikumsikia. Nilikuwa nikimsikia mama.

Hukuwapo, kwa hiyo nikuambie. Siku ya pili baada ya mierezi kuanguka nilifika kumwona. Alinishika mkono akaniambia kwamba aliyeikata ameikata kwa msumeno wa baba yenu. Aliusikia akiwa kitandani, unakohoa, unapanda, unakatika, kama siku zote. Mziwanda alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Akasema kwa upole kwamba homa imempanda tangu jana na anasema maneno mengi. Akaketi, akamlisha kijiko kimoja kimoja. Kuanzia siku hiyo mama alikuwa akituuliza sisi kama alichosikia alikisikia kweli.

Profesa alimaliza. Aliweka bomba jipya, akafunga parafujo zote mbili za kabureta, kisha akazifungua kidogo kidogo huku ameinamisha sikio, ya mwendo wa polepole kwanza, ya kasi baadaye. Aliniambia msumeno haupaswi kulia kwa sauti kali sana, maana huo ni mlio wa kiu. Uachiwe petroli kidogo ya ziada, ugugumie, kisha ukiuma mti utanyooka wenyewe. Na kweli ulitulia. Ulikuwa na sauti nzuri, safi, isiyomjua mtu yeyote katika ukoo wetu.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo ningemchapa mwanafunzi kwa kulifanya. Nilimwambia Profesa alirudishe bomba bovu na azipotoe parafujo kama alivyozikuta. Akaniuliza, "Mwalimu, watu huja hapa nitengeneze, wewe unataka niharibu?" Nikasema ndiyo. Akasema basi asiulizwe na mtu, akafanya. Nikaurudisha msumeno nyumbani kwa toroli, nikamdanganya Mziwanda kwamba fundi ameshindwa. Alinipa pole, akasema asubuhi atamwita yule wa vyuma chakavu. Usiku sikula. Chakula alikipika yeye.

Asubuhi ilipofika nilimsubiri Mziwanda aketi kwenye kiti cha mama na kikombe chake. Nilikuwa nimepatana na Profesa aje nyuma ya stoo, nilikouweka msumeno. Nikampungia fundi mkono, akavuta kamba. Msumeno ukakohoa, ukapanda, ukakatika.

Mziwanda alitoka mbio. Hakuutazama msumeno wala hakumtazama Profesa. Alitazama kwanza dirisha la chumba cha mama. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, uzime. Seremala atasikia."

Seremala alikwisha kusikia. Alitoka nje, akasimama kwenye ua wake na randa mkononi, akatutazama sote watatu. Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na heri angeubamiza.

Mziwanda hakukana. Alisema mierezi ingekuwa yake hata hivyo, kwa hiyo alitangulia tu kuchukua chake. Nilimuuliza jambo moja, kwa nini alimfanya mama aamini kwamba akili yake imeharibika. Akasema alimhurumia, kwa sababu kujua kungemuumiza zaidi. Alilisema hilo akinifutia kiti kwa kiganja. Nilitapika, mdogo wangu, uzee wangu wote huu, nikatapika kando ya stoo, na Profesa ndiye aliyeniletea maji.

Sasa msumeno uko barazani na ubovu wake wote. Tawi bado linaning'inia juu ya jiko. Mikono yangu inanuka mwerezi na sabuni haisaidii. Chai bado inaletwa kila asubuhi, naimwaga dirishani. Wazee wanakuja wiki ijayo kusikia idhini yangu, lakini kesho nitaanza kwa seremala, kama atanifungulia. Nitakwenda na ule unga wa mbao ndani ya gazeti lile la Profesa, maana sioni maneno ya kwenda nayo. Nakusihi usimpigie Mziwanda simu. Atakulilia, na wewe una moyo mwepesi.

Mpe wifi yangu salamu zangu, na watoto wabusu vichwani. Tunza mgongo wako. Kuhusu nyumba, na kuhusu msumeno, kama utengenezwe vizuri au ubaki hivi ulivyo hadi wazee wausikie, nitakuandikia nikishaamua.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa