Pipa Uliloniachia

Kuze, Mombasa

Ubaid wangu,

Assalaam alaykum kutoka kwangu na kwa Mama, anayekuombea dua huko uliko Doha.

Umeniuliza kama pipa la mboji ulilonunua likizo iliyopita limenifaa. Mwanzo lilinitia aibu. Nilitia matumbo ya samaki, likanuka hata Bi Mwanakuu wa mlango wa pili akaniletea ubani! Sasa natia maganda ya ndizi, machicha ya nazi na maboksi niliyoyachanachana, na harufu imekwisha. Nimeridhika nalo.

Mboji naupa ule mwasmini ulioupanda juu ya nyumba. Umechanua mpaka majirani wanaomba maua. Kila Alhamisi jioni natunga maua yake kikuba, kama ulivyopenda, nakiweka juu ya mto wako. Asubuhi nakikuta kimenyauka, nakirudisha pipani pamoja na maganda.

Umesema tena kwamba likizo imeahirishwa. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini ujue, mume wangu, mti wako siku hizi unakula maua yake wenyewe.

Mkeo anayekungoja,
Shifa